Masikio ya Kalume

Madeleine hakuwahi kufikiri kwamba siku moja angejua kutofautisha mlio wa beringi iliyokufa na mlio wa meno ya gia. Kule Uvira, mashariki mwa Kongo, alikuwa akiuza vitenge sokoni, na gari kwake lilikuwa chombo cha kumpeleka Bukavu na kumrudisha, basi. Fundi alikuwa mumewe, Kalume. Watu walimsifu kwamba gari likiingia uani yeye angali anakunywa chai, hainui hata kichwa, na tayari ameshaujua ugonjwa wake kwa kusikia tu.

Mwaka 1996 bomu lilianguka karibu na ukuta wa karakana naye yumo ndani. Alitoka bila hata mchubuko, ila damu ilikuwa ikimtiririka masikioni, na tangu siku hiyo hakusikia tena. Kusema alisema kama zamani, pengine kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Maneno ya wenzake aliyasoma midomoni. Yale yaliyomshinda, Madeleine alimwandikia kwa kidole penye vumbi, au kiganjani kama vumbi halikuwapo.

Walifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 1999, binti yao Orpa akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Wakapewa kiwanja, Kalume akashika jembe. Spana chache alizotoka nazo nyumbani alizifunga katika kitambaa akazisukuma chini ya kitanda. Madeleine alipomwuliza kwa nini hatafuti kazi yake, alijibu, "Fundi bila masikio ni nini, Mado? Ni mutu wa kufungua buloni na kufunga buloni."

Kilichomtoa shambani ni mashine ya jirani ya kusaga mahindi. Ilikuwa inazimika kila mara, na mwenyewe akaja kuomba angalau itazamwe. Kalume aliweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo kwa muda, kisha akamgeukia mkewe.

"Inalia namna gani?"

"Vibaya."

"Vibaya si jibu. Inalia kama nini?"

Madeleine alisikiliza. Alifumba macho, akasikiliza tena. Akamwambia ni kama mtu anayepepeta maharage makavu kwenye ungo, anapumzika, halafu anapepeta tena. Kalume akatabasamu, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miezi mingi. Alifungua kifuniko cha juu, akarekebisha vali, na mashine ikasaga mpaka jioni. Kuanzia hapo walikwenda pamoja kila walipoitwa, yeye na mikono yake, mkewe na masikio yake.

Hajji Mahmood walimpata mwaka 2003, wakati wa mvua. Alikuwa mfanyabiashara wa Mbarara, mtu mnene mwenye haraka, anayekuja soko la Rwekubo, karibu na kambi, kununua mahindi kwa pikapu yake kuukuu ambayo rangi yake ya kijani ilikuwa imebaki milangoni tu. Pikapu hiyo ilikuwa na gia ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, lakini kwa mwezi mzima gia ilikuwa ikiingizwa na ya mbele hayavuti. Isitoshe, huko mbele kulikuwa na mngurumo. Siku hiyo ilikwama topeni kando ya barabara, vijana wa sokoni wakaisukuma mpaka kwenye uwanja mkavu, na mtu mmoja akamwelekeza kwa Kalume.

Hajji aliwatazama wote wawili, akamsikia Kalume akisema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, akaelewa.

"Mimi naomba fundi," alisema, "na nyinyi munaniletea mzee hasikii, pamoja na mama."

"Mzee hasikii, Hajji, lakini mimi ninasikia," Madeleine alijibu. "Sema shida ya gari."

"Fundi wa tauni, kule Mbarara, alisema boksi ya chini, ile inagawa nguvu mbele na nyuma, imekufa kabisa. Nitafute ingine. Hata nimeshaiulizia."

Madeleine aliyaandika hayo kwenye vumbi la boneti. Kalume akasoma, akafuta kwa mkono. Hakubisha. Alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akazungusha kile kifungo cha katikati ya gurudumu kinachoiunganisha ekseli na tairi, ambacho mafundi hukiita habu. Akafungua ya kulia, akafungua ya kushoto.

"Sasa magurudumu ya mbele iko huru," alimweleza mkewe. "Hajji aingize gia ya ine-ine, ile ya kuvuta magurudumu yote, aende polepole sana. Weye angalia ile chuma ndefu ya kwenda mbele, propela. Kama boksi imekufa, haitazunguka."

Hajji aliingiza gia, akaendesha kwa mwendo wa mtu anayesindikiza maiti. Madeleine alitembea ameinama kando ya gari, kitenge amekikunja magotini, macho chini ya uvungu. Propela ilikuwa ikizunguka barabara. Akainua kidole gumba.

"Boksi ni nzima," Kalume alisema. "Banakudanganya, Hajji. Ama bao wenyewe hawakuangalia."

Akapanda ndani, akavua viatu, akaweka nyayo zake tupu kwenye bati la sakafu na kiganja kwenye dashibodi. Madeleine akakaa katikati. Walikwenda na kurudi barabara ile mara tatu. Gia ikiwa imetolewa, kimya. Gia ikiingizwa, mngurumo. Kalume aliuhisi miguuni, lakini miguu haikumwambia yote.

"Inasaga ama inagonga?"

"Inasaga," Madeleine alisema, akimtazama ili aione midomo yake. "Kama jiwe la kusagia muhogo, penye kumeingia muchanga. Haikatiki."

"Akitoa muguu ku mafuta?"

Madeleine alimwashiria Hajji aachie. Akasikiliza. "Inazidi."

"Mukono gani?"

"Si kushoto, si kuume. Iko katikati."

Kalume aliegemea kiti. Hajji Mahmood, ambaye alikuwa ameanza safari hiyo akitazama saa, sasa alikuwa akimtazama Madeleine. Baadaye alikiri kwamba mngurumo ule alikuwa ameuzoea mwezi mzima na hakuwa amegundua kwamba unazidi mguu ukitoka kwenye mafuta.

Waliporudi uwanjani Kalume aliinua mbele kwa jeki, akaegemeza gari kwenye magogo, akafunga habu zote mbili. Alimwambia mkewe aingie uvunguni, naye akazungusha gurudumu la kulia kwa mkono. La kushoto lilipaswa kuzunguka kinyume chake. Halikuzunguka. Lakini Madeleine, amelala chali katika udongo mwekundu, aliona chuma cha ekseli ya kushoto kikizunguka peke yake, gurudumu lake limesimama kama halihusiki. Akatoka na kuonyesha kwa mikono yake miwili, mmoja unazunguka, mmoja umetulia.

Basi ugonjwa ulikuwa pale. Habu ya kushoto ilikuwa haishiki. Walipoifungua walikuta grisi iliyokauka kama lami na springi iliyokatika. Kalume alimweleza Hajji kwamba difu, ile gia ya katikati inayogawa nguvu kulia na kushoto, hupeleka nguvu penye wepesi, na upande mmoja ukiwa hauna kizuizi nguvu zote hupotelea huko, hata ule mzima haupati kitu. Ndiyo maana ilionekana kama mbele kote kumekufa.

"Na mngurumo?" Hajji aliuliza. Haraka ilikuwa imemtoka.

Kalume alifungua kizibo cha difu ya mbele. Oili iliyotoka haikuwa oili. Ilikuwa kama chai ya maziwa, na ndani yake vijipande vya chuma vilimeta juani. Maji yalikuwa yameingia na kuila beringi, ile ambayo Kalume aliendelea kuiita rulma kama walivyoiita Uvira. Lakini maji yameingiaje? Alipapasa kimrija kidogo cha kupumulia kilicho juu ya difu, akachokonoa kwa waya. Kikatoka kipande cha udongo mgumu. Nyigu alikuwa amejenga humo. Difu ikishapata joto kisha ikaingia ghafla kwenye maji ya bonde lililo njiani kuja Rwekubo, ilivuta pumzi, na kwa kuwa pua ilikuwa imezibwa ikayanywa maji kupitia kwenye sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje.

Hajji alicheka mpaka akashika tumbo. "Mdudu huyu," alisema, "nusura aninunulishe boksi."

Beringi na springi zilitoka Mbarara siku ya pili, kazi ikaisha ya tatu. Mwezi haukuisha Hajji akarudi na kuwapa kona ya ua wake mjini Mbarara, upande wa Nyamitanga, wafungue karakana. Hapo ndipo Madeleine anapopakumbuka zaidi kuliko mahali popote alipowahi kuishi. Asubuhi Safinah, mke wa Hajji, akileta chai ya tangawizi. Askari wa kambi ya Makenke wakija na magari yao wenyewe, yaliyochoka, wakisema Kiswahili chao cha amri, naye Kalume akiwajibu kwa sauti kubwa kuliko yao. Madereva wakibishana kama mlio ni wa kusaga au wa kugonga, kisha wote wakinyamaza kumsubiri mama aseme.

Mwaka 2009 shirika moja lilimpa Kalume kifaa cha kusikilizia. Kilimpa kidogo, lakini si haba. Alisikia jogoo. Alimsikia Orpa, ambaye sasa alikuwa binti wa sekondari, na akalia. Madeleine alifurahi, na ndani ya furaha hiyo akajiona kama mtu aliyeachishwa kazi. Lakini siku ya Jumatatu, alipofika uani, Kalume alikitoa sikioni akakitia mfukoni.

"Unaogopa oili?" Madeleine alimwuliza.

"Hii kitu inasikia makelele yote mara moja," Kalume alisema. "Weye unanichagulia."

Alifariki mwaka 2012, kwa ugonjwa wa figo. Madeleine aliendelea na kona ile pamoja na Musoni, fundi mtu mzima, hodari, mwenye masikio mazuri tu. Walielewana. Ila Musoni alikuwa hana haja ya kuulizwa wala kuuliza, na siku nyingi zilipita bila Madeleine kulazimika kutafuta mlio unafanana na nini.

Mwaka 2015 Hajji alimwomba amsindikize mpaka Rwekubo kwa gari alilotaka kununua, walijaribu njiani. Barabara ilikuwa imechongwa upya. Walipita bonde lile, maji machache, ng'ombe wenye pembe ndefu wakinywa kandoni. Hajji akauliza, "Mama Orpa, unasikia nini?"

Madeleine aliegemea dirisha. Gari halikuwa na kosa lolote. Alisikiliza hata hivyo, kwa muda mrefu, akaona maneno yakimjia yenyewe. Akamwambia linalia kama mtu anayekunja nguo zilizokauka, hana haraka. Hajji aliitikia kwa kichwa, akasema basi atalinunua.