Mahindi ya Njano ya Makote

Ida alikuwa mjane wa mwalimu wa dini pale Makote, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza. Pakiwa na unyago au sikukuu ya kanisa, yeye ndiye aliyeitwa kupika. Misimu miwili ilipopita bila mvua ya maana, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, lori la serikali lilileta magunia ya mahindi ya njano, yakashushwa kwenye ua wa kanisa. Watu waliyatazama, wakaondoka. Mahindi waliyoyajua ni meupe. Haya, walisema, ni chakula cha mifugo ya Wazungu.

Ida hakubishana nao. Aliyakoboa, akayaloweka kwa maji aliyoyapandisha kutoka bondeni, akayaanika, kisha akayatwanga mpaka unga ukapoteza harufu ya gunia. Akasonga ugali, akapika majani ya kunde kwa korosho zilizopondwa, na mbaazi pembeni. Walitangulia watoto, halafu mama zao. Haukupita muda mrefu Wakristo na Waislamu wakawa wanakula kwenye mkeka mmoja, na jirani yake Zena, mke wa Shamte mchuuzi, ndiye aliyegawa.

Kisha Bartholomayo, kijana wa kupasua magogo, aliamka miguu imekakamaa. Hakuwa na homa wala jeraha. Alitembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana. Wiki ileile wakaanguka dada wawili wa nyumba moja.

"Ni ule unga wa njano," watu wakanong'ona.

Mkeka ukaanza kubaki mtupu. Zena naye hakuonekana tena. Watu walirudi kwenye muhogo mchungu waliokuwa wakiula kabla ya lori, ambao hutaka kumenywa na kuanikwa siku nyingi ili sumu yake iishe. Njaa haikuwapa siku hizo. Waliutwanga asubuhi, wakauanika mchana, wakaula jioni. Vilio vya miguu kukakamaa vikahama nyumba kwa nyumba.

Jumbe Rajabu, mkuu wa kijiji, akaja mwenyewe kwa Ida.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Mama Mabel, funika chungu chako."

"Mimi nakula chakula hiki, Jumbe. Mwanangu Mabel anakula. Mtazame."

Mabel alikuwa akikimbizana na kuku nyuma ya jiko. Jumbe alimtazama, akaondoka.

Baada ya siku chache Mabel alishindwa kusimama.

"Mama, miguu hainisikii."

Ida alimwaga ugali wote, akaketi mbele ya jiko lililozimika. Labda walisema kweli. Labda ni yeye aliyekuwa akiwalisha watu sumu, na mwanawe pamoja nao.

Jioni Zena aliingia uani, akasimama mbali.

"Mama Mabel, mtoto wako alikuwa anakula kwangu. Wenzake walimcheka kwa unga wa njano, basi sehemu yake akawa anawatupia kuku. Shamte alinikataza kuja kwako, lakini mtoto mwenye njaa ningemfukuzaje? Nilimpa muhogo tuliokula sisi." Akafuta uso kwa kanga. "Na mwanangu wa mwisho, tangu jana anaburuta vidole."

Ida alimtazama mpaka Zena akainamisha kichwa. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Alisema moja tu.

"Lete kuni."

Kesho yake walibeba chungu kichwani, wakapita mlango kwa mlango. Zena alisimulia habari za Mabel kila walipofika, mbele ya waume waliomkasirikia. Wengine waliwafungia. Wengi walikula. Katika nyumba zilizokula, hakuna mwingine aliyeanguka. Lakini walioanguka hawakunyanyuka kama zamani. Mabel alikua akitembea kwa fimbo mbili.

Lori la pili liliahidiwa kabla ya mwezi kuandama. Mwezi uliandama, ukakonda, ukaandama tena. Mbingu ilibaki nyeupe. Ida akapunguza unga, akaongeza mbaazi, na mbaazi nazo zikawa zinakwisha.

Asubuhi moja watu wa Chilangala, kijiji kingine, walitokea njiani, familia nzima nzima, baadhi wamebebwa mgongoni, miguu yao ikining'inia.

"Tutawatosheleza?" Zena akauliza.

Ida aliongeza maji kwenye chungu, akaendelea kukoroga.