Bibi Zubeda Anaota Jua

Ule mwaka wa embargo, nchi jirani zimetufungia mipaka, Bujumbura nzima ilikuwa inatafuta sukari. Kumbe ingine ilikuwa imejificha ndani ya damu ya Bibi Zubeda wa Bwiza!

"Bado si ugonjwa, Bibi, lakini uko pale mulangoni unapiga hodi," Consolée, muganga wa dispansari, alimwambia. "Chai unaweka vijiko ngapi?"

"Kimoja."

Bwana yake, muzee Massoudi, akakohoa.

"Haya, vine. Na we ukikohoa tena utarudi kwa miguu peke yako."

Consolée akauliza kama anaonaga jua. Jua gani? Tangu risasi zianze, miaka mine sasa, Zubeda alikuwa anashona nguo nyuma ya duka, mulango umefunguliwa nusu. Habari za jua alikuwa anazisikia kwa wateja.

"Wazee wenye kukosa vitamine ya jua, madaktari wanaona sukari inawasumbua zaidi. Acha sukari, kaa juani kila asubuhi. Nakupima tena kisha mwezi moja. Ikipanda, Ramadhani hii hufungi."

Hapo roho ikamuruka. Asifunge, halafu Soumaya wa nyumba ya pili, yule mwenye kujisifu mpaka kwa mbuzi, aje kumwambia "pole, mugonjwa"? Apana! Heri avunjike mguu.

Kesho yake akafunga duka, akatandika mukeka nje, akanyoosha miguu, macho amefinya kwa sababu ya mwanga. Tatizo ni moja: Bwiza ya wakati ule, mama muzee akikaa chini nje, duka imefungwa, sura imekunjamana, hapo kuna musiba. Na kwa musiba mutu haulizi. Anakaa.

Hyacinthe, fundi wa baiskeli, akavua kofia, akakaa. Wakafuata wamama watatu. Zubeda akafurahi: kumbe watu wanapenda jua hivi! Mara Soumaya huyu hapa, analia kwa sauti, kilo ya sukari ya musiba mikononi. Wengine nao wakatoa zao, kila mutu alichokuwa amekificha chini ya kitanda. Kilo ine!

"Soumaya, nani amekufa?"

"Si Massoudi wako?"

Massoudi akatokea mulangoni, muswaki mudomoni. "Nani amekufa?"

"Yoo! We muzee, tumeacha kazi zetu!" Hyacinthe akapiga kelele, amekasirika kabisa kwamba mutu ni muzima.

Zubeda akawarudishia sukari. Wakakataa wote: kitu cha musiba kikirudi nyumbani kinaleta musiba ingine. Basi kilo ine ikabaki kwa nyumba ya mwenye kukatazwa sukari. Siku mbili Zubeda aliizunguka ile sukari kama paka na samaki. Ya tatu akaamua: kila asubuhi akapika chai mukekani, akawanywesha jirani sukari yao wenyewe. Yeye akanywa kavu, bila sukari, sura kama mutu anameza dawa ya kinini.

Mwezi ukaisha. Consolée akamutoboa kidole, akasoma, akasoma tena.

"Imeshuka. Funga, Bibi. Lakini ukisikia kizunguzungu, unafungua, bila ubishi."

Zubeda alipiga vigelegele mpaka mutoto wa watu akaamka kwa foleni. Hakupita hata nyumbani, moja kwa moja kwa Soumaya.

"Nafunga!"

"Mashallah," Soumaya akasema, akatazama chini. "Zubeda... na mi juzi walinipima sukari. Niko pale pale mulangoni. Sikutaka ujue."

Zubeda alikuwa na maneno mwezi muzima ameyanoa kwa huyu mwanamuke. Akayameza.

"Kesho saa mbili," akamwambia. "Leta mukeka wako, ule wangu ni mudogo, na we una makalio."