Bwana Nyoosha na Visanduku vya Kijivu

Pale chuoni hakuna aliyemwita kwa jina alilobatizwa. Wanafunzi, walimu, hata mlinzi wa getini walimjua kama Bwana Nyoosha, na jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Alikuwa fundi wa kompyuta katika chuo cha wauguzi na wakunga. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, jirani na stoo ya magodoro: chumba chembamba, feni haizunguki, lakini waya zote zimefungwa vizuri kama nywele za mtoto anayeanza shule.

Kazi iliyompa jina ni hii. Mwalimu anaandaa somo lake nyumbani kwenye kompyuta ya aina moja. Anafika chuoni, anachomeka flashi kwenye kompyuta ya aina nyingine, na mbele ya darasa zima slaidi zinafunguka kama kabati lililoanguka toka garini. Herufi zimepandana. Picha zimegeuka misalaba myekundu. Kichwa cha somo kimeteremka mpaka chini kabisa. Hapo ndipo sauti inapopigwa koridoni: "Muiteni Bwana Nyoosha!"

Naye anakuja, kalamu sikioni, hana haraka.

"Kila nyumba ina herufi zake," alikuwa akiwaeleza huku vidole vikitembea. "Ukileta andiko lenye herufi ambazo nyumba hii haina, itakuazima za kwake. Zisipoenea, zinamwagika. Sasa tunyooshe."

Akimaliza kunyoosha, alilihifadhi somo juu ya lile la zamani, kisha akafuta kila nakala iliyobaki. Hiyo ilikuwa sheria yake, na aliihubiri kama mchungaji: faili moja, jina moja. Ukiacha nakala mbili, siku ya siku utafungua ile mbovu mbele ya wageni. Ilishamtokea mkuu wa chuo, na tangu hapo hakuna aliyebishana na sheria hiyo.

Nyumbani ilikuwa vilevile. Alinyoosha mapazia, alinyoosha viatu vya wageni mlangoni, alinyoosha picha ukutani ambayo haikupinda. Mkewe, aliyekuwa mwalimu wa wakunga katika chuo hichohicho, alimcheka mpaka akashika ubavu.

"Siku ya kiama wewe utachelewa hukumu," alimwambia. "Utakuwa unamwambia malaika tarumbeta ameishika upande."

"Na kama kweli ameishika upande?"

"Ee Mungu, nilimpenda nini mtu huyu!"

Ndivyo walivyoishi, utani asubuhi na sala jioni, mpaka moyo wa mwalimu ulipoanza kuchoka. Ulianza na ngazi. Kisha akawa hawezi kumaliza sentensi ndefu bila kusimama katikati kama mtu aliyebeba ndoo. Walimu wenzake waligawana vipindi vyake, isipokuwa kimoja. Somo la mtoto anayezaliwa asilie alikataa kumpa mtu. Alisema amewapokea wengi wa namna hiyo, na yapo mambo ambayo kitabu hakikuyaona.

Akaenda kupumzika kwa mdogo wake, fundi wa nguo, ambaye huchorea mitindo yake kwenye kompyuta ya aina ile nyingine. Huko ndiko alikoandaa somo. Aliporudi alifikia hospitalini, akalazwa, na flashi ikamfikia mumewe kwa mkono wa shemeji yake.

"Dada amesema uweke kwenye kompyuta ya darasani," shemeji alimwambia pale getini pa hospitali. "Na nakala iliyo kwenye kompyuta yangu niiache?"

"Ulishahamisha, futa, shemeji. Faili moja, jina moja."

"Haya, mheshimiwa," alisema shemeji akicheka, na kweli alifuta, akamwaga na kapu la taka.

Bwana Nyoosha alifungua faili lile chumbani kwake siku iliyofuata. Lilikuwa limevurugika kuliko yote aliyowahi kuona. Maneno yalikimbia nje ya ukurasa, na pembeni mwa kila slaidi, chini kulia, palikaa kisanduku kidogo cha kijivu, tupu, kama doa la rangi iliyodondoka. Alibofya kimoja. Kompyuta ikamjibu kwamba haikitambui. Akabofya kingine, jibu likawa lilelile.

Hapo alisita. Huo ndio ukweli ambao baadaye hakuweza kuukwepa: alisita. Mkono ulisimama juu ya meza na wazo likapita kwamba amuulize mwenye somo hivi ni vitu gani. Lakini saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imekaribia, na alitamani aingie wodini na habari njema mkononi. Akavifuta. Slaidi baada ya slaidi, kisanduku baada ya kisanduku, na kusema kweli aliona raha, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Akahifadhi juu ya lile la zamani. Akalifuta lile la kwenye flashi.

Wodini mkewe alikuwa amevishwa barakoa ya hewa.

"Somo lako nimelinyoosha," alimnong'oneza. "Linang'aa."

Mkewe aliinua kidole gumba. Ndilo neno la mwisho alilomwambia, kama kidole gumba ni neno. Bwana alimtwaa kabla ya Jumapili.

Walimzika. Watu wakaja, wakalia, wakaimba, wakaondoka. Mkuu wa chuo akatangaza kwamba somo la marehemu litaonyeshwa ukumbini mbele ya wanafunzi wote, na familia imealikwa. Siku chache kabla ya hapo, shemeji alifika chumbani mwisho wa korido, bado amefunga kitambaa cheusi kichwani.

"Shemeji, spika za ukumbini zina nguvu?"

"Za nini?"

"Za nini tena? Mama anasikia kwa shida, na dada alirekodi kwa sauti ndogo. Alikuwa amechoka mno. Tulikuwa tunafunga madirisha ili magari yasiingie."

Bwana Nyoosha alimtazama kama mtu anayesomewa barua kwa lugha asiyoijua.

"Alirekodi," alisema.

"Kila slaidi! Hukusikiliza? Alisema pumzi haitamfikisha mwisho akisimama darasani, basi bora sauti itangulie. Mama hajalala vizuri tangu msiba. Anasema akisikia sauti ya mwanawe mara moja tu, atalala." Akamwangalia usoni. "Shemeji? Zipo, si ndiyo?"

"Zipo," alisema Bwana Nyoosha. "Usiwe na wasiwasi."

Shemeji alipoondoka, alifungua somo. Lilikuwa limenyooka kila mahali. Pembeni chini kulia, palipokuwa na visanduku, palikuwa peupe, safi kabisa. Mashine ya huku haikuijua sauti iliyofungwa na mashine ya kule. Ilionyesha sanduku kwa kuwa haikuwa na ufunguo. Kama angeviacha, angepata programu ya kuvifungua, mchana mmoja na kazi imekwisha. Uharibifu wa kuhamisha ulikuwa mdogo. Uliobaki aliufanya yeye, kwa vidole vyake, na alikuwa akipiga mluzi.

Jumapili hiyo alienda kanisani akakaa benchi la nyuma. Waliposimama kuimba naye alisimama, lakini kitabu cha nyimbo hakukifungua. Aliona haya hata kuomba. Ungemwambiaje Mungu akurudishie kitu ulichokitupa mwenyewe, na mtu wa kwanza aliyekuuliza ukamdanganya?

Jumatatu alianza kutafuta. Alijua kwamba faili lililofutwa kwenye flashi haliondoki mara moja. Mahali pake panahesabiwa tu kuwa wazi, mpaka kitu kingine kije kukaa juu yake. Swali lilikuwa nani amekaa. Alipokumbuka, alikaa kitini taratibu. Kwenye flashi ileile aliweka picha za mazishi. Aliziweka yeye, maana ilikuwa na nafasi.

Aliweka programu ya kufufua mafaili ikachimba asubuhi nzima. Wanafunzi waligonga mlango, akawaambia wapitie baadaye. Faili lililotoka lilikuwa nusu mtu. Kila alipojaribu kulifungua kama somo lilikataa. Ndipo akalibadilisha mkia wa jina na kulifungua kama mfuko, kwa sababu ndani yake faili la slaidi ni mfuko tu: maneno folda hii, picha folda ile, sauti folda nyingine. Folda ya sauti ilikuwepo. Alivaa vipokea sauti, akaanza na ya kwanza. Kimya. Ya pili ikakwaruza kama mchanga kwenye meno, ikakatika. Zilizofuata, kimya. Juu yake walikuwa wamekaa waombolezaji wa zile picha, wenye nguo nyeusi na maua.

Moja ikasema.

"...mtoto hajalia. Usipige kelele, utamtisha mama yake. Mkaushe. Msugue mgongo, hivi, kwa kitambaa kikavu." Ikafuata pumzi, ndefu, yenye filimbi ndani yake. Kisha nyingine. Kisha sauti ya mdogo mtu, kwa mbali: "Dada, hapo patakatwa?" Na mkewe: "Na nani? Na shemeji yako? Huyo akipewa nafasi, hata pumzi yangu atainyoosha." Wakacheka wote wawili, na kicheko kikamgeukia kikohozi. "Acha hivyohivyo. Wajifunze kusubiri."

Bwana Nyoosha aliweka kichwa mezani katikati ya waya zake.

Ilibaki siku ya ukumbi, na mambo mawili yalisimama mbele yake. La kwanza lilikuwa rahisi. Aikate sauti ile, aache mafundisho tu, aondoe pumzi na kicheko, kisha aseme zilizobaki zimeharibika kwa kuhama kutoka kompyuta hii kwenda ile. Nani angebisha? Chuo kizima kilishaona mafaili yakiharibika hivyo. Wangempa pole. Wangesema, maskini, fundi mwenyewe ameshindwa. Alifika mpaka kuifungua programu ya kukata sauti, akaweka alama mwanzo wa ile pumzi ya kwanza. Akaitazama alama. Akaifunga programu bila kuhifadhi. Lilibaki la pili: kusema kweli.

Ukumbi ulijaa. Mama mkwe aliketishwa mbele kabisa, fimbo magotini, shemeji kando yake. Mkuu wa chuo alipomaliza maneno ya kukaribisha, Bwana Nyoosha alisimama kando ya projekta, na wanafunzi waliozoea kumtania walinyamaza, maana kalamu haikuwa sikioni.

"Somo hili lilikuwa na sauti kila ukurasa," alisema. "Mashine hazikuiharibu. Niliifuta mimi. Niliona visanduku nisivyovijua, nikaona ni uchafu. Nilitaka kuuliza, sikuuliza. Shemeji, ulipokuja nilikuambia zipo. Nilikudanganya. Imepatikana moja."

Shemeji aliweka mkono mdomoni. Mama mkwe aliinamia upande wake. "Anasemaje?"

"Anasema ipo moja, mama."

"Basi aiweke."

Akaiweka, nzima kama ilivyo. Wanafunzi waliandika kuhusu kitambaa kikavu. Ilipofika ile pumzi ndefu kalamu zilisimama, na lilipokuja neno la kunyoosha pumzi, mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia, kisha wakacheka wengi, machozi yakiwatoka. Bwana Nyoosha hakucheka. Alikuwa akimwangalia mama mkwe.

"Rudia," alisema mama mkwe.

Akarudia.

"Mwanangu, na zile nyingine zilikuwa zinasema nini?"

"Sijui, mama. Sikuwahi kuzisikia."

Mzee yule alitikisa kichwa polepole. Hakusema nimekusamehe, wala hakusema sikusamehi. Alisema, "Nimekusikia," akakaza mikono kwenye fimbo.

 Shemeji alisimama, akajifunga upya kitambaa chake.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Nilikuwa nimeshika kompyuta kwenye magoti. Sijui ukunga, mnisamehe, mimi kazi yangu ni mikono na shingo za magauni. Lakini nilisikia yote. Shemeji, weka ile ya kwanza."

Bwana Nyoosha alirudi kwenye kiti chake akabonyeza. Slaidi ya kwanza ikajaa ukutani, imenyooka, pembe yake ya kulia nyeupe. Shemeji akasimama palepale kwenye ile pembe, mwanga ukimpiga usoni, akaanza. Alichanganya. Alitaja la tatu kabla ya la pili, akasahau jina la kifaa akakichora hewani kwa kidole. Mwalimu mmoja akamsaidia jina lake. Aliiga hata namna dada yake alivyokuwa akisimama katikati ya sentensi, bila kujua kwamba anaiga, na mama mkwe akafumba macho.

Kila alipokosea, kidole cha Bwana Nyoosha kilikimbilia kitufe, maana kimezoea kusahihisha. Akakizuia. Alisubiri mpaka shemeji amtazame na kusema, "Twende inayofuata," ndipo akabonyeza.

Bado anaitwa jina lile, na bado ananyoosha, kwa kuwa herufi hazijaacha kumwagika. Lakini ukimletea somo sasa anauliza mpaka unachoka: hiki ni nini, na hiki, uliweka mwenyewe? Lile lako la asili halifuti. Analiweka kando, na vurugu zake zote. Wapo wanaomuuliza ile sheria ya faili moja imeenda wapi. Yeye huendelea kunakili. Na Jumapili, ibada ikiisha, huenda kwa mama mkwe na kompyuta begani, humwekea ile moja, na wakiifikia pumzi wote wawili husubiri mpaka ipite.