Siku Baba Alipopita Njia ya Micheri

Baba yangu, Mzee Tokuji, alilinda njia ya micheri, ile miti ya maua, hapa Osaka, Japani, kwa miaka kumi na tisa, na ukimuuliza maua yake yana rangi gani atakujibu, "Ya waridi, si ndiyo?" kama mtu anayebahatisha mtihani. Njia hiyo hufunguliwa wiki moja tu kwa mwaka, watu huja kwa maelfu, na kazi yake ilikuwa kuyapa maua mgongo na kuutazama umati. Ingia lango la kusini, tokea la kaskazini. Hakuna kukaa, hakuna kusimama, hakuna kurudi nyuma. Aliyasema hayo kwenye kipaza sauti mpaka akawa anayasema usingizini.

Mama yangu, Sumie, alikuwa akija kila mwaka peke yake. Karibu na kituo cha baba pana mcheri mmoja wenye maua ya kijani, kijani kweli, na mama anaupenda kuliko yote. Kila mwaka akifika hapo alipunguza mwendo, na kila mwaka mumewe alimrushia sauti mbele ya halaiki: "Mama mwenye mkoba wa kahawia, songa mbele tafadhali!" Mke wake wa ndoa! Mama husimulia huku akicheka, lakini mimi namjua. Ilimuuma.

Mwaka huu baba amestaafu. Mama alitaka jambo moja tu: asimame na mumewe chini ya mti ule, wautazame wote wawili. Alilisema mara moja, akimmiminia chai. Baba akaitika, "Mm."

Tulikwenda Jumatano asubuhi, sisi watatu. Hatujafika mbali, kazi ikamrudia mzee.

"Dada, kushoto, kushoto! Hicho kijiti cha picha kishushe, utamtoboa mtu jicho."

"Baba Chigusa," mama akasema, "umestaafu."

"Najua. Lakini hebu ona wanavyojazana pale."

"Tazama juu."

"Nikitazama juu nitamkanyaga mtu."

Nikamvuta shati. "Baba, ukitoa amri moja tena, vitumbua vya pweza vya leo unanunua wewe."

Akaitia mikono mfukoni, kwa dakika mbili hivi.

Tulipoukaribia mti wa kijani, mama alianza kutengeneza nywele. Ana miaka sitini na minane, na anajipamba kwa ajili ya mti! Akasimama, akainua uso, akanyoosha mkono pembeni bila kuangalia, amshike mumewe. Mkono ukashika hewa. Baba alikuwa hatua thelathini mbele, akiwapanga watalii kwenye mstari mmoja.

"Baba!" nikaita.

Akageuka. Akatuona, akauona na mti, akaelewa alichofanya.

Mtu mwingine yeyote angerudi. Hatua thelathini tu! Yeye akatazama chini, akatutazama tena, uso umemshuka. "Hairuhusiwi kurudi nyuma," akasema kwa unyonge. "Nazunguka! Nisubirini!" Akaondoka mbiombio kuelekea lango la kaskazini.

"Ana goti bovu," mama akasema taratibu, "na anazunguka."

Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga. Mama aliushika tu mkoba wake kwa mikono miwili.

Mlinzi wa sasa, Bi Nakanishi, aliyefundishwa kazi na baba mwenyewe, akatujia. "Mama Chigusa, unajua siwezi kuwaacha msimame hapa."

"Namsubiri mwalimu wako. Kapitiliza, sasa kazunguka."

Bi Nakanishi akacheka mpaka akaishika kofia yake isianguke. "Jamani mzee huyu! Haya, njooni huku nyuma ya kamba. Huku si njia." Akampa mama kiti chake.

Tulingoja dakika hamsini. Ndipo nikaiona kofia ya kijivu ya baba ikija na umati. Anachechemea, jasho linamtoka, na macho yako kwenye visigino vya watu, maana alikuwa anatutafuta njiani, si nyuma ya kamba. Angetupita tena, naapa.

Mama akainuka, akanyoosha mkono. Bi Nakanishi akampa kipaza sauti bila kuuliza.

"Bwana mwenye kofia ya kijivu," sauti ya mama ikajaa njia nzima, "simama hapo hapo. Usisonge."

Baba akasimama wima. Watu wakampita kulia na kushoto. Mama akavuka kamba, akamshika mkono, na kwa mkono wa pili akamwinua kidevu.

Baba aliutazama mti kwa muda mrefu. Bi Nakanishi aligeukia upande mwingine, akajifanya hawaoni.

"Kumbe ni ya kijani," baba akasema.

"Ndiyo."

"Sumie." Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia akimwita kwa jina. "Nisamehe kwa lile tangazo la mkoba wa kahawia."

"Lipi?"

"Yote kumi na tisa."