Hajambo Yangu Ilivyoingia Kwenye Utafiti

Mimi ni mtu wa ndani. Mume wangu husema paka wetu anaijua Kilwa Masoko kuliko mimi, na ni kweli, maana paka huenda sokoni kila siku kufuata samaki. Songo Mnara, kisiwa cha magofu ambako watu hutoka mbali kwenda kutembea, mimi nimepaona kwenye kalenda. Safari yangu ya uhakika ni moja tu: kumpeleka binti yangu kliniki ya siko seli.

Huko kila mara nesi aliuliza, "Mama, binti anaendeleaje?" Nami nikajibu, "Hajambo, alhamdulillahi." Ningejibu nini? Kwetu hata kwenye msiba ukiuliza habari utaambiwa salama kwanza, ndipo uelezwe nani kafariki. Lakini nyumbani mtu akisema salama, mwenziwe hungoja, anajua "ila" iko njiani. Nesi ana foleni, hangoji. Aliandika hajambo, basi. Nami sikuwa na haraka ya kuileta hiyo "ila", kwa sababu mlango wa chumba kile haufungwi, na kwenye benchi la nje hukaa majirani wenye vijana wa kuoa. Nina mabinti wengine wawili, na ugonjwa huu ni wa kurithi.

Mwezi uliopita nesi alitupokea uso umemchanua. Kuna watafiti, akasema, wanakusanya taarifa za wagonjwa wa siko seli kutoka hospitali nyingi, bila majina, wajue dawa inawafaa watoto kwa dozi gani.

"Na huyu binti, mama, ni mfano. Dozi ndogo, na kwenye kompyuta hana maumivu hata mara moja. Tunaomba ruhusa yenu tuzitume taarifa zake. Huenda na wenzake wakapewa dozi kama yake."

Nikajiona mama hodari. "Haya," nikasema, "taarifa zake zitafika Ulaya, mimi hata Kiswere, wilaya hii hii, sijafika."

Nesi akacheka. Binti yangu hakucheka. Ana miaka kumi na mitano na mdomo wa bibi yake.

"Samahani, nesi. Huyo mtoto asiyeumwa ni nani? Nikutanishe naye, anipe siri yake."

"Kwani wewe unaumwa?"

"Muulize mama. Juzi kanibeba mgongoni kunipeleka chooni, na ukubwa wote huu. Jirani kapiga hodi, mama kamwambia nimelala, mvivu mimi."

Nikamfinya. Nje benchi zima liligeuza shingo, hata aliyekuwa anakohoa alisitisha.

Nesi hakunifokea. Heri angefoka. "Mama, dozi imeachwa ndogo kwa maneno yako. Daktari angekwisha kuiongeza. Na leo nilikuwa nazituma taarifa hizo kwa wenzetu, na wao wawaachie watoto wao dozi ndogo hivyo hivyo."

Kidato cha pili nilichora chembe za damu za ugonjwa huu huu, zilizopinda kama mundu, mwalimu akauonyesha mchoro wangu darasa zima. Nilikuwa hodari wa kuchora.

"Tuanze upya," nesi akasema. "Binti, sema wewe."

Akasema. Miguu niliijua. Mgongo niliujua. Kisha akataja kifua, kwamba kikimbana shuleni huegemea ukuta nyuma ya darasa mpaka kiachie, na wenzake wamezoea kumwandikia notsi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaniuliza hujambo, mama. Nikakujibu."

Alisema bila ukali, kama mtu anayeeleza chumvi iko wapi. Nesi akamuuliza kama taarifa zake zitumwe.

"Zitumwe. Ila hizi za leo."

Nesi akanigeukia, maana ruhusa ni yangu pia. Nikapaza sauti mpaka benchini wasikie: "Zitumeni zote. Miguu, mgongo, na kifua."

"Kifua kilianza lini, mama?" nesi akauliza.

Nikamtazama binti yangu anisaidie, kwa sababu sikujua.