Banda la Simbilisi wa Mama Mkwe

Pale Rujewa, mtu akitaka geti la kumkatisha mwizi tamaa, huelekezwa kwa Seni Masunga. Karakana yake iko nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, na huna haja ya kuuliza mara mbili, maana cheche zake zinaonekana toka barabarani. Seni ni mtu wa chuma. Mwombe kibanda cha kuku, atakutengenezea gereza. Mwombe meza, itabidi utafute wanaume wanne wa kuibeba. Baba yake alihama na ng'ombe kutoka Maswa hadi bonde la Usangu wakati Seni bado yuko mgongoni, na katika ukoo wao mnyama akitoroka zizini, aibu yake husimuliwa mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo Seni hufunga. Akishafunga, huongeza komeo.

Lakini si mtu wa kununa. Mke wake Yusta ni Mhehe wa Kalenga, na tangu waoane nyumba yao haijapata siku ya utani kukauka. Yeye humwambia mumewe kwamba Msukuma hata akilala huota anahesabu ng'ombe. Naye Seni humjibu kwamba Mhehe humnunia hata jiwe alilojikwaa. Watu wanaopita huwasikia wakicheka na kudhani wana wageni.

Jambo moja tu liliwanyima raha: mama yake Yusta. Bibi Evarista aliishi peke yake Kalenga, na presha ya macho ilikuwa imemwachia mwanga na vivuli basi. Asubuhi moja ya kipupwe alianguka uani alikokwenda kuchukua kuni, akalala pale chini kwenye baridi mpaka jirani aliyekuwa akienda misa alipomsikia. Yusta alipopata habari alilia hadi sauti ikamkauka. Seni akasema aje, chumba kipo, chakula kipo, kwani tunangoja nini?

Jibu la bibi lilikuja kwa simu. "Nitakuja nijaribu. Lakini simbilisi wangu siwaachi."

Seni alifurahi kupita kiasi. Hapo lazima nieleze. Huko walikotoka kina Seni, mkwe na mama wa mkewe huheshimiana kwa mbali. Hamtazamani usoni, hamli pamoja, mkikutana njiani mmoja hupisha, na jikoni kwake huingii hata paa likiwaka moto. Neno likihitajika, hupitia kwa mke. Bibi Evarista naye ni Mhehe wa zamani, mwenye adabu hizo hizo kwa ukali zaidi. Miaka yote ya ndoa, Seni alipokwenda Kalenga aliketi barazani, akaletewa ugali barazani, akaaga kutoka barazani. Alimpenda yule mama, ila hakuwa na njia ya kumwonyesha. Sasa ameipata: atamjengea wanyama wake banda.

Tatizo ni kwamba simbilisi hakuwajua. Ukweni alikuwa akisikia milio jikoni, akadhani ni vifaranga. Akaenda kumuuliza Ipyana, seremala wa jirani, Mnyakyusa aliyekulia Tukuyu.

"Simbilisi?" Ipyana akacheka. "Ni kama sungura aliyesahau masikio na mkia nyumbani. Hana madhara. Siku ya Pasaka mmoja huingia chunguni."

"Anaruka?"

"Kuruka aruke na miguu gani ile?"

"Anachimba?"

"Bwana Seni, huyo hana hata kucha za maana. Muulize mwenyewe mama jinsi anavyowafuga."

"Nimuulize mkwe wangu?" Seni alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni.

Kuuliza si ujinga, tunasema, lakini hatusemi utamuuliza nani ikiwa anayejua haruhusiwi kuzungumza nawe. Yusta naye hakusaidia. Aliulizwa, "Huwa wanakaaje?" akajibu, "Wanakaa tu." Alikua nao tangu anatambaa, ungemuuliza hewa inakaaje angejibu vivyo hivyo.

Basi Seni akajenga kwa akili ya zizi. Alikata nondo, akachomelea fremu juu ya miguu minne ili nyoka wasifike. Sakafu akaweka wavu ili kinyesi kidondoke chini chenyewe. Juu akaweka bati jipya. Akagawa vyumba, akatia bawaba za geti la gari na komeo la kuweza kumzuia fahali. Mwisho akalipaka rangi ya bluu na kulisimamisha mbele ya ua, mahali ambapo kila apitaye angeliona. Wakaja watu kulitazama. Mwenye mashine ya mpunga aliuliza kama ni la chui.

Bibi Evarista alifika na basi, ameshika fimbo mkono mmoja na tenga mkono wa pili. "Kamwene," alisalimia uani, na Seni akaitikia akiwa amegeukia ukuta, kama inavyopasa. Simbilisi wakatolewa tengani mmoja mmoja, weupe, weusi na wenye mabaka, wakaingizwa kwenye banda la bluu. Komeo likalia, ka! Seni akasubiri nyuma ya karakana asikie sifa.

Hakusikia sifa. Hakusikia chochote. Simbilisi walijirundika kwenye kona moja, wakapandana migongoni, wakanyamaza. Vijiguu vyao vilizama kwenye matundu ya wavu. Ilipofika saa sita bati likapata moto, na wale wanyama wa nyanda za baridi wakaanza kuhema.

Seni hakukata tamaa. Alitandika magunia juu ya bati. Akaweka ubao sakafuni. Akaleta majani mabichi kutoka kwenye mifereji ya mpunga. Kisha, nasema ukweli, akawawekea redio.

"Waongezee na televisheni," alisema Ipyana. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ndugu yangu. Wewe umechonga kitanda cha mtu ambaye hujawahi hata kuona mgongo wake."

Ndani ya nyumba mambo hayakuwa bora. Yusta alimtendea mama yake kama malkia. Alimkalisha kwenye kochi, akamletea chai, akamnyang'anya ufagio, akamzuia kukaribia jiko la gesi asije akaungua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yusta alifika wiki ya pili hajampa mama yake hata kijiko. Bibi alikaa pale kochini mikono juu ya magoti, akigeuza uso huku na huku. Alipotaka kwenda bandani alipapasa ukuta, akakosa mlango, akagonga kabati. Akifika, aliita kwa sauti ya chini na kuwanyooshea majani. Wale simbilisi hawakuitika.

"Wamelala?" alimuuliza Yusta.

"Wako macho, mama."

"Mbona hawasemi?"

Jioni ile alimwambia bintiye kwamba Jumapili baada ya misa angependa kupandishwa basi la Iringa. Hakugombana na mtu. Alishukuru kwa kila kitu, hata kwa banda. "Mwambie mumeo ana mkono mzuri. Lakini mimi hapa sijui nilipo."

Yusta alilirudia neno hilo chumbani, akilia tena. "Akirudi kule ataanguka. Safari hii nani atapita?"

Seni alikaa kitandani na viatu vyake. Aliumia, sitaficha. Aliumia kwa ajili ya mke wake, aliumia kwa ajili ya mama, na kidogo aliumia kwa ajili ya rangi ya bluu. Kisha akauliza tena, safari hii taratibu, "Yusta, kule Kalenga, jikoni, walilala kwenye nini hasa?"

"Jikoni tu, mume wangu. Kwani hujaona?"

Akamtazama. Yusta naye akaziba mdomo. Mwanaume yule hakuwa amekanyaga jiko lile hata siku moja, na wote wawili walikuwa wamesahau.

Hapo Seni akapata wazo ambalo ni Msukuma mwenye adabu tu angelihitaji. Jikoni kwa mama mkwe huingii. Lakini mama mkwe mwenyewe akiwa Rujewa, je, lile jiko ni lake au ni chumba tu? Aliligeuzageuza usiku kucha. Alfajiri alikuwa Igawa, kwenye barabara kuu, akingoja basi la Iringa.

Kalenga alipokewa na jirani mwenye ufunguo, yule yule aliyemwokota bibi uani. Alimfungulia, akashangaa kumwona mtu mzima anapiga hodi kwenye jiko tupu na kungoja kwanza kabla ya kuinama mlangoni.

Ndani kulikuwa na giza na ubaridi. Sakafu ya udongo, laini kwa kusiribwa miaka mingi. Katikati mafiga matatu. Kando ya ukuta kilizunguka kibaraza kifupi cha udongo, cha kukalia, na chini yake vilitobolewa vishimo, mdomo wa kila kishimo umeng'aa kwa kupitwa na wanyama. Mlangoni palikuwa na ubao mfupi wa kuvuka kwa hatua moja. Basi. Seni alitafuta komeo, hakuliona. Alitafuta hata tundu la msumari ambako komeo lingeweza kuwa limewahi kukaa.

"Hawatoroki?" aliuliza.

"Watoroke waende wapi, ilhali chakula kiko hapa, moto uko hapa, na mwenyewe yuko hapa?" Jirani alicheka. "Evarista akiingia na majani, walikuwa wanapiga kelele mpaka kwangu nasikia. Kwi kwi kwi, wanamkimbilia miguuni. Macho yalipomwishia ndio waliokuwa wanamwongoza. Wakilia kushoto anajua kibaraza kiko kushoto. Wakinyamaza ghafla anajua kuna mtu mgeni mlangoni. Yule mama jikoni humu huwezi kujua kama haoni. Siku ile alianguka uani, hakuanguka jikoni."

Seni alikaa kwenye kibaraza cha mkwe wake, jambo ambalo marehemu baba yake angemchapia fimbo, akafumba macho. Aliona aibu. Kumbe wiki zote zile alikuwa anafungia macho ya mama wa watu kwenye kizimba, na kuyawekea redio.

Alirudi Rujewa na vipimo kichwani, akamkuta Yusta amepata visingizio vya kumzuia mama mpaka Jumapili ya pili. Palikuwa na kazi. Chuma kiliwekwa kando; Seni na Ipyana wakanunua tofali mbichi, wakajenga nyuma ya nyumba jiko fupi lenye paa la nyasi ili joto la Usangu lisipenye, na dirisha pande mbili moshi upite. Fundi wa chuma alikanyaga udongo kwa miguu yake mpaka magotini, watu wa mashine ya mpunga wakitoka nje kumcheka. Akafinyanga kibaraza, akatoboa vishimo, akatandika pumba za mpunga ndani yake. Ipyana alichonga ubao wa mlangoni. Seni akasema ni mfupi, akamwambia aongeze. Banda la bluu lilinunuliwa siku hiyo hiyo na mtu wa bata.

Jumamosi simbilisi wakaachiwa humo. Mara moja wakapotelea vishimoni. Kimya. Yusta akamtazama mumewe, mumewe akatazama chini. Bibi Evarista alikuwa tayari amefunga mzigo wake.

"Mama," akaita Yusta, "njoo uwalishe simbilisi kabla ya safari."

Seni alikimbilia nyuma ya ukuta wa jiko, akajibanza pale na udongo wake miguuni. Alisikia fimbo ikija, to, to, to, kisha kishindo na mguno, kisha mkwaruzo wa majani mabichi. Halafu kimya kirefu.

Kwi.

Mmoja tu. Akajibiwa na wa pili. Kisha wote wakafumuka kwa pamoja, kelele ya sokoni siku ya gulio, na katikati yake Seni akasikia kicheko ambacho hakukijua, cha mwanamke mzee anayetekenywa miguuni. Fimbo ikaanguka, na hakuna aliyeiokota. Kilichofuata ni kuni kuvunjwa, kijiti cha kiberiti kukwaruzwa, na moshi wa kwanza kupita dirishani juu ya kichwa chake.

"Mama, acha niwashe mimi, utaungua," alisema Yusta.

"Toka jikoni kwangu. Una jiko lako la gesi."

Yusta akatoka akilia na kucheka, akasimama mlangoni. Ndipo sauti ya bibi ikapanda. Alisema na binti yake, kama adabu inavyotaka, lakini alielekeza uso ukutani, na kwa nguvu ya kupenya tofali.

"Yusta! Mwambie huyo aliyejibanza huko nyuma kwamba ubao wa mlango ameuweka juu mno. Nimejikwaa. Aushushe, mimi nitazeekea humu, siwezi kuwa naruka kila siku kama mbuzi."

Seni Masunga hakungoja kuambiwa na mkewe. Alikwenda mbio kuazima msumeno kwa Ipyana.