Kilomita Ishirini kwa Miguu Iliyokuwa Imelala

Jina langu ni Nafula, na kama mnavyoniona, nimesimama. Naanza na hilo la kusimama kwa sababu ulikuwako wakati sikuweza hata kufumba macho yangu mwenyewe. Muuguzi ndiye aliyeyafumba na kuyabandika plasta yasikauke. Kwa hivyo mkiniona najisifu leo, mnivumilie. Nimeteseka sana kulipata hili la kujisifia.

Natoka upande wa Bungoma. Hapa Dubai nina miaka tisa. Kazi yangu ni kulea mtoto na kupika katika nyumba ya familia moja ya Wafaransa, kule Jumeirah Village Circle. Madam anaitwa Claire, na mtoto ni Jeanne, msichana wa miaka saba. Wanaonijua wa zamani watawaambia nilivyokuwa. Ile chupa kubwa ya maji ya kunywa nilikuwa naibeba begani kama mto wa kulalia. Lifti ikiharibika napanda ghorofa tano na mifuko ya soko mikononi, nafika juu naimba. Ugonjwa nilikuwa nauona ni mambo ya watu wengine. Jumapili nikitoka ibadani nilikuwa nakwenda Al Nahda kwa rafiki yangu Hajira, Mganda, mlinzi wa jengo la ofisi. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, na kwa chapati hatukuwahi kugombana.

Ilianza na tumbo. Nilikula kuku aliyelala tangu jana, nikaharisha siku tatu, nikapona, nikasahau. Wiki mbili baadaye niliamka nikihisi vidole vya miguu vinachomachoma, kama mtu aliyekalia miguu kwa muda mrefu kisha akanyanyuka. Miguu yote miwili. Nikasema ni viatu. Kesho yake ganzi imefika kwenye vifundo. Nikampigia Hajira.

"Huo ni uchovu, nyabo," akasema, akiniita mama kwa Kiganda chake. "Kunywa maji mengi, ulale mapema."

Siku ya tatu nilikuwa namteremsha Jeanne kwenda kupanda basi la shule. Kwenye ngazi za mlangoni magoti yakakunjika. Sikujikwaa, sikuteleza. Yalikunjika tu, nikakaa chini kama gunia.

Jeanne akacheka, alidhani ni mchezo. "Nafula, simama, basi linakuja!"

"Siwezi, mama."

"Simama!"

Kisha akaniangalia usoni. Akatupa begi na kukimbia kumwita mama yake.

Hospitalini nilimpata daktari mwanamke, Msudani. Alinigonga magoti kwa nyundo ya mpira. Mguu wa mtu mwenye afya unaruka ukigongwa hivyo. Wangu ulitulia kama wa meza. Akaniuliza, "Umeharisha siku za karibuni?" Nikaona aibu, madam alikuwa amesimama pale. Lakini nikasema ndiyo.

"Umefanya vizuri kuniambia," akasema. "Kinga ya mwili wako ilipigana na vijidudu vya tumbo. Sasa imekosea adui, inashambulia neva zako. Ugonjwa huu hupanda. Leo uko magotini. Tunataka kuuwahi kabla haujafika kifuani."

Jina la ugonjwa ni Guillain-Barré. Madam ndiye aliyenifundisha kulitamka, maana ni la Kifaransa. Mimi nililiita "huyo mgeni".

Walinichoma sindano kwenye uti wa mgongo, wakatoa maji ya kupima. Wakanitundikia dawa ya mshipani kwa siku tano. Kila baada ya saa chache daktari alinitaka nihesabu kwa pumzi moja. Jioni ya kwanza nilifika ishirini na sita. Asubuhi, kumi na nne. Mchana nilifika nane nikakwama, na mate yakanipalia.

"Khalas," daktari akawaambia wenzake. "Hatungoji tena."

Wakanisukuma hadi chumba cha wagonjwa mahututi, wakaniingiza mpira kooni, na mashine ikawa inapumua kwa niaba yangu. Nilikaa nayo siku kumi na mbili.

Nitasema mambo yalivyokuwa, kwa sababu kuna mtu hapa atakayeyapitia au atakayeuguza mwenzake. Nilivalishwa nepi. Watu nisiowajua walinigeuza na kunisafisha, na mimi sikuweza hata kugeuza uso kwa haya. Mkojo ulitoka kwa mpira. Mwili haukusogea, lakini maumivu niliyasikia yote. Shuka likinigusa miguu ilikuwa kama kumwagiwa chai ya moto. Na akili yangu ilikuwa nzima kabisa. Nilisikia kila neno walilosema juu yangu.

Hajira alikuja na sare yake ya ulinzi, ametoka zamu. Akakaa, akavuta tasbihi yake kimya. Kisha akaninong'oneza, "Nafula, kama unanisikia, inua macho."

Nikayainua.

"Kumbe upo!" Machozi yakamtoka na huku anacheka. "Watu wanasema Nafula amekwisha. Nitawaambia upo, tena unasikiliza umbea."

Kilichorudi kwanza ni kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilitikisika kidogo tu, muuguzi akawaita wenzake waje kukitazama. Mpira ulipotolewa kooni, sauti yangu ilitoka kama ya mbuzi. Neno langu la kwanza lilikuwa "chai".

Madam alikuja siku moja akavuta kiti karibu. Ni mtu wa kusema wazi. "Nafula, daktari anasema ni miezi mingi, labda mwaka. Mimi nahitaji mtu wa kuwa na Jeanne. Nitakungojea miezi minne. Baada ya hapo sitaweza kukudanganya."

Sikumlaumu. Wengine wangenipakia kwenye ndege nikiwa kwenye machela. Mama yangu naye alinipigia akilia: "Rudi nyumbani nikuogeshe mwenyewe."

Nikamwambia, "Mama, nikirudi hivi nitalala moja kwa moja. Niache kwanza nisimame."

Nilipotoka hospitali nilikwenda kwa Hajira. Chumba kina vitanda vya ghorofa vitatu, wanawake sita pamoja nami. Hajira alinipa kitanda chake cha chini, akapanda cha juu. Kwenda msalani alinibeba mgongoni, mimi niliyekuwa nimemzidi kilo. Mnajua aibu ya mtu mzima kubebwa mgongoni? Mara ya kwanza nililia. Mara ya kumi nilimwelekeza pa kukanyaga.

Kwenye mazoezi ya viungo nilikabidhiwa kwa Suresh, kijana wa Kihindi asiyejua kubembeleza. Aliifunga miguu yangu kwa mikanda kwenye pedali za baiskeli isiyokwenda popote. Siku ile nilizungusha mara tatu, nikatokwa jasho kama niliyelima ekari.

"Umewahi kuendesha baiskeli ya kweli?" akaniuliza.

"Nilikuwa napeleka mahindi kwenye kinu kwa baiskeli ya baba. Gunia nyuma, na njia yote ni mlima."

"Basi miguu inajua. Kazi yetu ni kuikumbusha."

Kwa muda wa miezi mitatu hatukufanya kingine ila kuikumbusha. Kutoka kiti cha magurudumu nilikwenda kwenye fremu, kutoka fremu nikaenda kwenye fimbo. Nyayo zilikuwa bado zinaning'inia, nikitembea zinaburuzika, ikabidi nivae vyuma ndani ya viatu. Kutembea kulikuwa shida, kukimbia ndiyo usiseme. Lakini kwenye pedali nilikuwa naweza kuachwa peke yangu nusu saa.

Siku moja Suresh akasema, "Nenda Al Qudra. Ile njia ya baiskeli ya jangwani haina gari hata moja. Ila barabarani usithubutu. Ukianguka mbele ya gari, hakuna mazoezi nitakayokupa."

Jumamosi asubuhi tukaenda, mimi na Hajira, tukakodi baiskeli. Ninyi mliopita kule mnajua: lami nyembamba inakatiza mchangani, haina honi wala lori. Hajira alishika kiti nyuma akawa anakimbia na hijabu yake inapepea. Nikaanguka mchangani. Nikapanda tena, nikaanguka upande wa pili. Mara ya tatu nikaenda. Nilipogeuka kumtazama, Hajira alikuwa mbali, amekaa katikati ya njia anahema, mikono yote miwili juu kama aliyeshinda yeye.

Mwezi wa nne ulipotimia sikungoja kuitwa. Nilimwambia madam aje Al Qudra na Jeanne. Nikaegesha fimbo kwenye ukuta wa duka la baiskeli, nikapanda. Tulikwenda kilomita nane, Jeanne na kibaiskeli chake ubavuni kwangu akipiga kengele bila sababu. Tuliporudi madam alikuwa amevua miwani ya jua.

"Unajua kwamba kwa mama yangu hatutumii gari?" akaniuliza.

Akanieleza. Mama yake anakaa pwani ya Ufaransa, upande wa Bahari ya Atlantiki. Kule kuna msitu wa misonobari unaofuata bahari mwendo wa siku nzima, na ndani yake zimepita njia za baiskeli peke yake. Sokoni kwa baiskeli, baharini kwa baiskeli.

"Rudi kazini, kidogo kidogo," akasema. "Kiangazi utakuja nasi."

Na nilikwenda, mimi wa Bungoma, na vyuma vyangu ndani ya viatu.

Njia ile, nawaambia, imenyooka kwa sababu zamani ilipita reli. Reli iling'olewa, lami ikamwagwa. Misonobari imesimama pande zote mbili, mirefu, na hewa inanuka utomvu. Mizizi imeinua lami mahali mahali, na matunda makavu ya misonobari yanapasuka chini ya magurudumu. Bahari huioni, imejificha nyuma ya vilima vya mchanga, lakini unaisikia ikinguruma. Utapita mwendo wa saa nzima usione gari. Unaona wazee, kina mama na watoto wachanga kwenye vikapu, na kila mtu anakusalimu.

Tulikuwa tunakwenda kijiji cha pili, kilomita ishirini. Mbele alikuwa bibi yake Jeanne, mwenye miaka sabini na minane, amevaa sketi. Katikati ya safari mguu wangu wa kushoto, ambao hausikii vizuri, ukateleza kwenye pedali. Nikaingia vichakani mzimamzima. Goti likachanika, damu ikashuka hadi soksi.

Bibi akarudi, akasema jambo, madam akanitafsiria: "Anasema tukuitie mtu mwenye gari. Lakini gari haliingii huku. Itabidi utembee hadi barabarani."

"Kutembea ndiko nisikoweza, madam," nikasema. "Nipandisheni."

Wakacheka, nami nikacheka. Jeanne alinifunga goti kwa leso yake, mafundo matatu. Nikaenda, kilomita baada ya kilomita, mapaja yakiwaka moto. Mlima wa mwisho, wa kuvuka vilima vya mchanga kwenda baharini, bibi alishuka akakokota baiskeli yake. Mimi sikushuka. Nilifika juu natweta kama punda, na pale chini ikawa Atlantiki yote, nyeupe kwa mapovu.

Nikavua viatu na vyuma. Madam akanishika mkono hadi majini. Maji ni ya baridi, jamani. Wimbi likarudi nyuma, na mchanga ukakimbia chini ya nyayo zangu, nikausikia. Nilikuwa nimekaa miezi kumi bila nyayo, na siku ile nilisikia chembe moja moja.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru daktari na Suresh. Madam alitimiza neno lake. Hajira, simama wakuone.

Na ninyi, nawaomba. Ganzi ikianzia miguuni ikapanda, usikubali kuambiwa ni uchovu, na Hajira atakubali hapa mbele yenu kwamba alikosea. Nenda hospitali siku hiyohiyo, usifiche kuhara kwa sababu madam amesimama hapo. Ukimuuguza asiyesema, zungumza naye, anasikia. Ukiletewa nepi, ivae. Itavuliwa.

Bado mguu wa kushoto una ganzi vidole viwili. Vibaki hivyo kama vinataka. Jumamosi alfajiri mimi niko Al Qudra. Anayetaka kuja avae viatu vya kufunga na abebe maji yake. Na asithubutu kunihurumia, maana atabaki nyuma.